Mwalimu, Kamera na Kwelea Kwelea

Alipokuwa mtoto huko Ugogo, ndege wadogo walikuwa adui wa nyumba nzima. Uwele ukianza kukomaa, alipandishwa dunguni alfajiri na kombeo lake kwenda kuamia. Kwelea kwelea hawaji kumi wala mia, wanakuja kama wingu, na wingu likishapita suke linabaki bua. Jioni alirudi nyumbani sauti imekauka.

Ndiyo maana mama yake alicheka mpaka akakaa chini mwaka 1987. Mwanawe, sasa mwalimu wa shule, alikuwa amechimbia nguzo nne kando ya birika la ng'ombe, akazizungushia magunia ya katani na kujibanza humo na kamera ya mtumba. “Jana uliwafukuza, leo unawabembeleza?”

Siku ya kwanza hakuja hata mmoja. Tundu la lenzi liliwatisha. Basi akachomeka hapo chupa tupu ya bia, kitako nje, akaiacha wiki nzima. Ndege walipoizoea, akaitoa na kuweka lenzi. Tena akawa anaingia na mpwa wake, kisha kijana anatoka peke yake akipiga mluzi. Ndege akishaona mtu kaondoka, imetosha. Hesabu ya walioingia haijui.

Hila hizo zina wazee wake. Huko Uingereza, mwaka 1900, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi iliyowambwa juu ya kiunzi, mpiga picha kasimama tumboni. Mwalimu alipoisoma habari hiyo aliona wivu. Mtoto wa wafugaji, na hakuiwaza!

Filamu moja ilikuwa na picha 36, na dukani ilipatikana kwa kubahatisha. Chozi naye hatulii: anatua ukingoni, anachovya mdomo uliopinda, anaruka kabla maji hayajatulia. Kamera ikilia “kacha!”, birika zima linabaki tupu. Kuna asubuhi mwalimu alibofya mara nne tu. Kisha alisubiri filamu isafishwe mjini, na siku moja fundi akamtazama kwa huruma: “Imeungua, mwalimu.” Septemba yote ilikuwa humo.

Leo kamera yake ya dijitali haitoi hata mlio, na chiriku wanaendelea kugombana mbele yake. Anaweza kurudi na picha 800, usiku akafuta 790. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni albamu za zamani, hasa picha moja ya kiota cha shore, safi, makinda wamepanua midomo. Ili mwanga uingie alikata matawi mawili. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu; kunguru naye alikuwa ameonyeshwa njia. Tangu hapo hapigi picha viotani, na vijana wanaomletea picha za makinda huwauliza kwanza matawi yalikwenda wapi.

Magunia yameoza, sasa kibanda ni cha turubai. Septemba iliyopita kwelea kwelea walishuka birikani, wengi hata maji hayakuonekana. Uwele ulikuwa umeshavunwa zamani. Mwalimu alipiga picha tatu nzuri, kisha akajikuta yuko nje ya kibanda, anapiga makofi na kupayuka.