Ya Xbox Pekee, Mpaka Lini?

Wasee, Microsoft iliipa Take-Two dola milioni 50 ndio stori mbili za ziada za Grand Theft Auto IV zitoke kwa Xbox 360. Ya kwanza, The Lost and Damned, ilitoka Februari 2009. Aprili 2010 zote zikafika PS3. Miezi 14 tu!

Hiyo doo haikufanya gemu iwe tamu zaidi. Ililipia mwenye PS3 abaki nje akimeza mate. Mimi bando nanunua kwa kuhesabu, na kupakua gemu kunakula giga. Nitalipia stori ya kunishika wikendi nzima. Ya kumringia tu beshte yangu? Silipi. Nitangoja. Wewe je?