SAFARI YETU YA KUKIZUNGUKA KISIWA CHA MALTA



Wengi wenu mmetutaka tuwaandikie habari za safari yetu. Habari za Roma mmekwisha kuzisoma kwa watu walio hodari kuliko sisi; basi leo twapenda kuwaeleza habari za kisiwa kidogo tulichokizunguka kwa motokaa baada ya hija, yaani Malta, kilicho katika bahari ya Mediterania, kusini ya Sisilia.

Sababu ya kwenda huko si sisi tuliyoibuni. Kabla hatujaondoka nyumbani, bibi mmoja mzee wa Karema alituita barazani pake akasema, "Walimu wangu, nasikia mwaenda Ulaya. Ikiwa njia yapita Malta, nitazamieni pale alipofunzwa Daktari, mje mnieleze pakoje." Sisi tulio wa pande za Ziwa Tanganyika hatuulizi Daktari yupi. Ni Adrian Atiman. Mama yake bibi huyu aliponywa kwa mikono yake.

Kwa ajili ya wasomaji wa mbali twaeleza kidogo. Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Mwaka 1881 Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alifungua katika Malta nyumba ya vijana wa Kiafrika waliotolewa utumwani, ili wajifunze utabibu na kurudi Afrika wakiwa waganga na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Akasoma miaka saba. Mwaka 1888 akaondoka Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kwa miguu pamoja na msafara kutoka pwani, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Basi tulipomaliza hija tulipanda ndege, makatekista wawili, tukafika Malta kabla ya saa mbili kupita. Ilikuwa mwezi wa Juni, jua kali, nchi imekauka, mawe yana rangi ya asali na kuta za nyumba rangi ile ile, hata mtu akitazama toka juu haoni upesi mahali mwamba unapokwisha na mji unapoanza. Urefu wa kisiwa ni maili 17, na upana maili 9 tu. Walakini watu wake wapita nusu milioni. Hapana mto hata mmoja, hapana ziwa, wala mlima. Maji yatokayo katika mabomba yao, zaidi ya nusu, ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Tulipoambiwa hivyo tulikunywa polepole.

Tulipanga katika mji wa Rabat, ulio karibu na Mdina, mji wa kale wenye kuta. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni akisema, "Merħba!" Mwenzetu akaniangalia, maana sisi hatukuwa tumemwamkia shikamoo. Kumbe kwao neno hilo ndilo "karibu". Tangu hapo masikio yetu yakafunguka.

Motokaa tuliikodi kwa siku mbili. Mwenzetu ameendesha lori la misioni miaka mingi kati ya Sumbawanga na ziwani, naye alifurahi mno kuona kwamba Malta watu hushika upande wa kushoto kama kwetu, kwa kuwa Waingereza walikitawala kisiwa hiki tangu mwaka 1800 hata uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964. Furaha yake haikudumu. Barabara za vijijini ni nyembamba, zimebanwa kulia na kushoto na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na Wamalta huendesha kama watu wanaofukuzwa. Saa ya kwanza haijaisha, kioo cha pembeni kikagusa ukuta, kikavunjika. Tulikilipia. Lori la misioni, asema mwenzetu, halikuwa na kioo cha pembeni hata kidogo, wala halikupata kuvunja kitu.

Siku ya kwanza tulielekea kaskazini. Tulisimama Mosta kulitazama kanisa la kuba kubwa. Tarehe 9 Aprili 1942, wakati wa vita, bomu la Wajerumani lilitoboa kuba hilo likaanguka katikati ya watu zaidi ya 200 waliokuwa wakingoja Misa, nalo halikulipuka, hakuumia mtu. Mfano wa bomu umewekwa wageni wautazame. Twakiri kwamba hatukuutazama sana. Tulitazama zaidi sakafu, tukiwaza mahali gani akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao.

Toka hapo barabara hushuka mpaka Ghuba ya Mtakatifu Paulo. Mbele yake kuna kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu, na juu yake sanamu ya Mtume, nyeupe, inayoonekana toka ng'ambo. Wenyeji husema ndipo merikebu ilipovunjika. Mwenzetu alitoa kitabu cha Matendo ya Mitume, akasoma juu ya ukuta wa bandari, upepo ukimpindulia kurasa: watu 276 waliookoka majini, mvua, baridi, na wenyeji waliowawashia moto bila kuuliza kwanza ni watu gani, ingawa wengi wao walikuwa askari na wafungwa. Mvuvi mmoja mzee akishona nyavu alitusikiliza bila kuelewa neno, ila kila jina la Paulo lilipotajwa aliinua kichwa.

Ċirkewwa ndiyo ncha ya kisiwa. Hapo motokaa huingia ndani ya meli, na kwa muda wa dakika 25 hivi mmefika Gozo, kisiwa cha pili. Wakati wa kwenda hamlipi kitu. Nauli hulipwa mkirudi. Mwenzetu aliona utaratibu huo ni wa kuwashika watu mateka. Gozo ni ya kijani kuliko Malta, na kila kilima kina kanisa. Tulipita Ta' Pinu, alikosali Papa Fransisko tarehe 2 Aprili 2022. Tukapita Ġgantija, kuta za mawe makubwa zilizojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Misri. Huko Dwejra tulikwenda kutazama kitu kisichokuwapo: zamani palikuwa na mwamba mkubwa baharini wenye tundu kama mlango, watu wakija toka nchi zote kuupiga picha, nao ulianguka wote katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Wageni wangali wakija. Wanapiga picha ya bahari.

Lakini mahali tulipokaa sana ni Xwejni, pwani ya kaskazini. Barabara hufuata maji, na kando yake mwamba umechongwa mashimo ya pembe nne, mamia kwa mamia, si ya kina, yamepangana kama vyumba vya sega la nyuki. Bahari hutiwa humo, jua hunywa maji, chumvi hubaki. Wakati wa kaskazi yetu kwao ni baridi na mawimbi, kazi husimama. Ikianza hari, familia hurudi na mifagio. Tulimkuta baba mmoja na binti yake wakifagia chumvi na kuikusanya marundo, taratibu, wasiichanganye na mchanga. Tuliwaeleza kwa Kiingereza kibovu habari za Uvinza, jinsi wazee wetu walivyochota maji ya chumvi ya chemchemi na kuyachemsha vyunguni juu ya moto. Yule baba aliuliza, "Na kuni zatoka wapi?" Swali la mtu ajuaye kazi! Tukamwambia kwamba misitu ililipa gharama. Akaonyesha jua kwa kidole, akacheka.

Tulinunua mifuko miwili ya chumvi. Binti akahesabu sarafu za chenji mkononi mwetu: "...ħamsa, sitta, sebgħa..." Nasi tukaitikia: sita, saba! Akashangaa, akaendelea: "tmienja" — hapo tukakwama, maana nane ni yetu wenyewe — kisha "disgħa", nasi tukasema tisa. Mia yao ni "mija", elfu ni "elf", kitabu ni "ktieb", bahari ni "baħar", dunia ni "dinja". Waarabu walikitwaa kisiwa hiki mwaka 870, na lugha yao ikabaki hata baada ya utawala wao kwisha. Wamalta wakaihifadhi, wakaiandika kwa herufi za Kirumi, nao ni Wakatoliki wanaomwita Mungu "Alla" na Kwaresima "Randan". Sisi watu wa bara tumepata maneno hayo kwa njia ya pwani na misafara. Wao kwa njia ya baharini. Yamekutana mkononi mwa msichana mwenye chenji.

Siku ya pili tuliamka alfajiri, tukitaka kufika Marsaxlokk wakati mashua zikirudi na samaki. Njia hupita Marsa, mwisho wa bandari kuu, na hapo kuna kiplefti kikubwa. Tulikizunguka mara tatu tukikosa njia yetu. Mara ya tatu mwenzetu akasimamisha motokaa kando, aangalie ramani. Papo hapo wanaume kumi au zaidi waliokuwa wameketi ukutani wakainuka mbio, wakaizunguka motokaa, vichwa madirishani. Wote Waafrika. Walipoona nyuso zetu wakasita. Wengine wakarudi ukutani bila kusema neno.

Kijana mmoja akabaki. Alitusikia tukisemezana, akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamooni, wazee. Hamna kazi?" Alikuwa Msomali, aliyekulia Nairobi. Alitueleza kwamba kila asubuhi husubiri hapo wenye majengo na mashamba, wakija huchagua watu wa kutwa. Baharini kutoka Libya alikaa siku tatu. Kisha akauliza, "Nanyi mmekuja kwa boti gani?"

Tukamwambia tumekuja kwa ndege, kutazama nchi.

"Kutazama?" akasema. Hakusema kwa dhihaka. Alilisema neno lile kama mtu anayelipima uzito. Halafu akatuelekeza njia vizuri kabisa, tutoke kushoto, tufuate kibao chenye picha ya ndege. Kabla hatujamshukuru, gari la mizigo likasimama nyuma yetu, wote wakalikimbilia, naye pia. Motokaa za nyuma zikapiga honi. Tukaondoka.

Marsaxlokk ni kuzuri. Mashua zimepakwa buluu, manjano na nyekundu, na kila moja ina macho mawili yaliyochorwa mbele, kulia na kushoto, ili ione njia. Kwingine tungewaandikia ukurasa mzima juu ya macho hayo. Siku ile hatukuwa na maneno mengi. Tulipita Ħal Far, ambako wahamiaji huwekwa katika makao yaliyo karibu na kiwanja cha ndege cha zamani cha Waingereza. Tukapita mahekalu ya Ħaġar Qim. Tukapanda hata majabali ya Dingli, mahali pa juu kuliko pote kisiwani, karibu futi 830. Hapo nchi hukatika ghafula, na chini yako ni bahari tupu. Pana kanisa dogo la Mtakatifu Maria Magdalena ukingoni kabisa. Tuliketi ukutani mwake tukala mkate na zeituni alivyotufungia mama wa Rabat. Tulitazama kusini. Upande ule ni Libya, haionekani.

Twataka tuwe wa haki. Wamalta tuliokutana nao walitutendea wema mwingi: walitusukumia motokaa ilipozima, walitutoza nusu bei ya samaki, mama wa Rabat alitufulia nguo bila kuombwa. Na kisiwa ni kidogo kweli, watu wamesongamana, maji ni ya kutengenezwa. Twafahamu kwa nini wengine wao husema nafasi imekwisha. Tunaandika tuliyoyaona.

Alasiri tuliirudisha motokaa, tukaingia Valletta kwa miguu. Mji huo ulianzishwa mwaka 1566, baada ya kuzingirwa na Waturuki, na njia zake zimenyooka kama mistari ya daftari, zikishuka pande zote baharini. Chuo Kikuu siku hizi kipo Msida, lakini nyumba yake ya kale ingali Valletta, iliyokuwa kwanza koleji ya Wajesuiti tangu mwaka 1592. Katika siku za Atiman chuo kilikuwa humo. Bawabu alitukubalia tuingie uani. Ni ua wa pembe nne, una matao juu na chini, kivuli kizuri, njiwa. Tukahesabu matao kwa ajili ya Bibi. Tukapapasa nguzo moja, jiwe laini lililolika, tukawaza kwamba kijana aliyewahi kuuzwa alipita hapa na vitabu kwapani.

Tulipofika Karema tulimkuta Bibi barazani pake akichambua mboga. Tulimweleza yote, toka mwanzo mpaka mwisho, naye hakutukatiza. Alionja chumvi ya Gozo, akasema ya Uvinza ni kali zaidi. Habari za ua na matao zilimpendeza. Alituambia turudie mara mbili. Kisha akauliza mto wao waitwaje. Tukamwambia hapana mto. "Ziwa je?" Hapana, Bibi. Akayageuza macho kwenye ziwa letu, akanyamaza kitambo.

"Na yule kijana wa kiplefti," akasema, "siku ile alipata kazi?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumekwisha kukata kona.