Siku Nne Kisiwani Kavala

Kisiwa cha Kavala, kaskazini ya Kalemie, hakina njia ila maji. Mwaka 1885 nahodha Mwingereza Edward Hore alihamia huko pamoja na mkewe Annie na mtoto wao mdogo. Hata wao walitegemea ziwa hilihili kwa kuja na kuondoka. Mashua ikishakuacha, ulichobeba ndicho ulicho nacho.

Sisi tisa kutoka Moba tulikuwa na turubai moja, sufuria mbili, unga wa muhogo na chumvi, chakula cha siku mbili. Usiku wa pili mwenzetu mmoja alishikwa na homa kali. Kulipokucha, kusi ilivuma kwa nguvu na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Unga ukaisha.

Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa amekwama ng'ambo, alituletea ugali na ndagala, akakaa na mgonjwa hadi jioni. Tulipomwuliza watoto wake watakula nini kesho, alisema tu: «Upepo ukitulia, tutavua.»

Upepo ulitulia siku ya nne, na mwenzetu akafikishwa kwa muuguzi, akapona.

Mjini twadhani twajitosheleza, kwa sababu soko li karibu. Yule mama alijua kwamba hakuna anayejitosheleza, naye alitoa kabla hajajua kesho yake. Basi tuulizane katika vikundi vyetu: katika mtaa wetu, ni nani aliyezuiwa na upepo, nasi tungali na unga?