Kinanda cha Kale Ndani ya Kompyuta

Iwapo wewe msomaji hujawahi kusikia hapsikodi, usione haya. Nami niliifahamu ukubwani. Ukiitazama utadhani ni piano. Lakini piano hugonga nyuzi kwa nyundo, ilhali hapsikodi huzidonoa. Ubonyezapo kitufe, kijiti cha mbao huinuka na ncha ya unyoya iliyopachikwa humo huukwanyua uzi, mithili ya mpigaji udi. Bonyeza kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti ni karibu ule ule.

Mojawapo ya zilizo mashuhuri mno iliundwa Paris mwaka 1769 na fundi Pascal Taskin, na sasa imetunzwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kitu cha umri huo hakiachiwi mtoto akichezee. Ndiyo maana wataalamu hukiendea kinanda halisi cha kale na vipaza sauti vyao, wakarekodi kila kitufe peke yake, tena na tena. Hata ule mlio mdogo wa kijiti kinaporudi chini hurekodiwa, maana ukikosekana sikio hushtuka! Sauti hizo hutiwa katika programu, ukaunganisha kibodi na kompyuta, ukacheza.

Binti yangu anayo programu ya namna hiyo, ya hapsikodi ya Kifaransa. Jirani mmoja alipoisikia alisema huo ni udanganyifu mtupu, kwamba namlea mtoto kwa vitu bandia. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Ukweli ni kwamba hakukosea kabisa. Mwaka 1716 François Couperin alichapisha kitabu cha kufundisha hapsikodi, na humo alishauri watoto waanzie kinanda chenye nyoya laini, wasije wakazoea kutumia nguvu. Kumbe mwalimu ni ule unyoya, jinsi unavyokaidi kidole kisha ukaachia. Hilo kompyuta haina.

Hata hivyo, katika nyumba yetu ya ghorofa, hapsikodi ningeiweka wapi? Na binti huvaa vipokea sauti vya masikioni, majirani wakalala. Kwangu mimi, sauti ya kweli isiyo na unyoya ni bora kuliko kimya.

Ukitaka kununua, ijaribu kwanza. Gusa kitufe taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti ikipaa, hiyo ni piano iliyovishwa joho la hapsikodi, waachie wenyewe.

Binti keshaanza kuulizia nauli ya Edinburgh. Nimemwambia amalize mtihani kwanza.