Mashua Mpya ya Watu wa Mlimani

Wengi wenu mmetuuliza, "Je, ni kweli kwamba walimu wa Mazwi wamekuwa wavuvi?" Ni kweli, ingawa neno hilo "wavuvi" lingali kubwa kwetu. Tumeona yafaa kuwaandikieni habari hii yote pamoja na aibu yake, ili nyumba nyingine zitakazonunua mashua zisijifunze kwa hasara kama sisi.

Sisi ni nyumba tatu za hapa Mazwi, mjini Sumbawanga. Baba zetu walikuwa watu wa ulezi na maharage. Maji tuliyoyazoea ni ya visima na vijito. Mwezi wa Aprili 2024 tulikusanya fedha za mavuno, tukauza ng'ombe wawili, tukakopa kiasi kilichopungua, tukanunua mashua ya mbao huko Kasanga pamoja na mashine yake ndogo. Wake zetu walituuliza neno moja tu: "Nani kati yenu ajuaye kuvua?" Tukajibu, "Mashua tunayo. Kuvua tutajua mbele ya safari." Jibu hilo tumelijutia sana.

Kutoka Sumbawanga mpaka bandari ya Kasanga ni kilometa 112, kwa njia ya Matai. Asubuhi mtu hutoka Mazwi amevaa koti kwa baridi ya mlimani. Hupita katika uwanda wa nyasi na mashamba, kisha njia huanza kuteremka, joto likazidi, na makoti yakavuliwa moja moja. Maana ziwa liko chini ya mji wetu kwa zaidi ya meta 900. Ndipo Tanganyika huonekana, maji yasiyo na mwisho machoni. Kasanga ni mji wa kale; Wajerumani waliuita Bismarckburg. Lakini sisi hatukwenda kutazama mambo ya kale. Tulikwenda kutafuta samaki, na deni lilikuwa nyuma yetu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mashua yenyewe. Kwa kuipenda, tuliipandisha mchangani, tukaiacha juani muda wa wiki mbili ili isichafuke. Siku tuliyoishusha, maji yakaingia katika kila ungio la mbao, na watoto wa pwani wakacheka mno. Mzee mmoja wa Kilungu alikuja taratibu, akatusaidia kuivuta, akasema, "Walimu, mbao zikikauka hujikunja, na nafasi hufunguka. Mashua hukaa majini kama samaki." Akatufundisha kuikalafati vizuri, kisha kuiacha katika maji haba mpaka mbao zivimbe na kubanana.

Kabla hatujavua hata samaki mmoja, ikafika tarehe 15 Mei. Siku hiyo uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa mpaka tarehe 15 Agosti 2024, kwa mapatano ya nchi nne zenye ziwa hilo, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaana. Tulinung'unika sana. Ziwa limefungwa, lakini deni halikufungwa! Mzee alitusikia, akatuuliza, "Ninyi Wafipa, hamfukii majani katika matuta, mkangoja yaoze, ndipo mpande?" Tukajibu, "Ndivyo." Akasema, "Basi mbona ziwa hamtaki lingoje?" Tukanyamaza.

Miezi ile mitatu haikupotea bure. Tulijifunza kuogelea, watu wazima wenye mvi, pamoja na watoto. Tulijifunza kufunga kamba za nanga, kusafisha mashine, na kukumba maji kwa zamu. Tukanunua pia maboya ya kuvaa, ingawa wengine walituambia kwamba ni matumizi ya bure.

Hata ziwa lilipofunguliwa, haraka ikatushika tena. Mzee alituonya: "Tazameni mwezi. Unakaribia kujaa, taa zenu hazitaonekana. Tena kusi linavuma. Ngojeni giza." Lakini sisi tulihesabu deni, hatukuhesabu siku za mwezi. Usiku wa tarehe 16 Agosti tukatoka bila yeye. Mbalamwezi ilikuwa nyeupe juu ya maji kama mchana, na taa yetu ikawa kama mshumaa uliowashwa juani. Tulishusha mishipi mpaka ikaisha, tusipate kitu. Usiku wa manane upepo ukaja kwa nguvu, mashine ikazimika, wimbi likapanda juu ya ubavu wa mashua. Mwenzetu mmoja akatupwa majini. Boya alilovaa likamrudisha juu, tukamshika mkono. Tulikumba maji na kupiga kasia mpaka alfajiri, tukafika pwani bila samaki wala majivuno. Lile boya la matumizi ya bure ndilo lililotuokolea baba wa watoto watano.

Mzee hakutucheka. Aliuliza tu, "Mlishusha pima ngapi?" Tukasema, "Zote tulizokuwa nazo." Ndipo akatufundisha jambo kubwa kuliko yote. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470, lakini huko chini hamna hewa ya kuwatosha samaki. Wao hukaa katika maji ya juu tu, kiasi cha meta 100 hadi 200. Tena hawakai mahali pamoja. Dagaa hufuata vijidudu wanavyovila: mchana hushuka, usiku hupanda. Migebuka huwafuata dagaa ili wawale. Taa gizani huvuta vijidudu na dagaa, na migebuka huja nyuma yao. "Basi," akasema, "msitafute samaki, tafuteni chakula chake, naye mtamkuta hapo."

Akatuonyesha na njia ya kuutafuta urefu wa mshipi. Mmoja hushusha pima tano, wa pili kumi, wa tatu kumi na tano, kila mtu akipima kwa mikono iliyonyoshwa. Anayepata samaki hutaja hesabu yake kwa sauti, na wote huhamia hapo. Saa zikipita, samaki wakihama, hutafuta tena.

Mapema mwezi wa Septemba, katika giza, tulitoka pamoja naye. Kwa muda mrefu kimya. Kisha mwenzetu wa pili akaita, "Kumi!" Sote tukahamia kumi, na migebuka wakaanza kupanda, weupe wakimeta kwenye mwanga wa taa. Asubuhi tulikuwa na vikapu viwili. Fungu la kwanza tulimpa mzee, maana mwalimu hula kwanza. Waliosalia wake zetu waliwakausha kwa moshi, wakawauza sokoni Sumbawanga.

Deni letu halijaisha, lakini linapungua. Nasi tumezoea kuwafundisha wengine. Tulikuwa tumesahau jinsi inavyokuwa kukaa chini na kufundishwa. Fedha hununua mbao na mashine, lakini mvuvi hanunuliwi pamoja navyo.

Basi, ndugu walimu, na ninyi akina baba na mama, mkitaka kununua mashua, fanyeni kwanza haya: mtafuteni mzee wa pwani kabla ya fundi wa mashua, nunueni boya la kila mtu kabla ya wavu, jueni mwezi na upepo, shikeni majira ya kufungwa kwa ziwa bila kunung'unika. Na wake zenu wakiuliza, "Nani ajuaye kuvua?", msiwajibu upesi. Nendeni mkajifunze kwanza, kisha mrudi kuwajibu.