Binti Yako Chuoni na Sentensi ya Kiingereza

Akina mama wenzangu, binti anapopata nafasi ya chuo tunahangaikia karo, sare na godoro. Jambo moja tunalisahau: lugha atakayoandikia.

Tangu 1967 shule zetu nyingi za msingi zimefundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, na chuoni mitihani huja kwa lugha hiyohiyo. Hapa kwetu Shinyanga wapo watoto ambao hata Kiswahili walikikuta shuleni, maana nyumbani ni Kisukuma. Kwao Kiingereza ni lugha ya tatu.

Mimi ni muuguzi, na Jumamosi alasiri hukaa na mabinti wanne hapa Kambarage, katika chumba cha shule ya Jumapili. Mmoja wao, anayesomea uuguzi, alikuja na karatasi iliyojaa wino mwekundu. Akasema, "Mama, bora nirudi nyumbani nikauze dagaa." Nilipoisoma niliona kwamba ugonjwa anaujua vizuri. Alichokosa ni sentensi.

Tukaanza na neno moja la Kiswahili: "Anaumwa." Ndani yake mna mtenda, wakati na tendo. Kiingereza huvitenga: "She is sick." Binti akiandika "Is sick," si kwamba hana akili, amezoea mtenda akae ndani ya kitenzi. Tena hiyo "a" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala Kisukuma hakisemi. Ndiyo maana mama mjamzito huandikwa "he". Sisi pia husema "mtoto mgonjwa", jina likitangulia. Wao hutanguliza sifa, "a sick child", na hiyo "a" yao ya mwanzo sisi hatuna kabisa.

Linalonigusa zaidi ni nyakati. Hakuna Mswahili anayechanganya "amepewa dawa" na "atapewa dawa". Lakini "was given" na "will be given" huwachanganya wengi. Wodini, muuguzi wa zamu ya usiku hutegemea alichoandika mwenzake wa mchana. Akisoma kwamba dawa imetolewa kumbe bado, mgonjwa atalala bila dawa. Akisoma kinyume chake, mgonjwa atapewa mara mbili. Hapo sarufi si pambo, ni uhai wa mtu.

Njia yetu ni nyepesi, nanyi mnaweza kuijaribu. Kila siku binti aandike sentensi tano fupi juu ya mambo ya nyumbani: maji, soko, jiko. Kila sentensi ibebe jambo moja. Kisha aisome kwa sauti na kupiga mstari chini ya mtenda na chini ya kitenzi. Kimoja kikikosekana, sentensi haijakamilika. Akishazoea, ndipo aunganishe mbili kwa "because", "but" au "when". Baadaye aingie kwenye aya: sentensi ya kwanza itaje jambo, zinazofuata zilieleze. Na awe na daftari la kunakili kila kosa alilosahihishiwa pamoja na masahihisho yake, maana makosa ya mtu mmoja hujirudia yaleyale.

Binti yule hajaenda kuuza dagaa. Wino mwekundu bado upo kwenye karatasi zake, ila sasa mwalimu anabishana naye juu ya ugonjwa, si juu ya sentensi.

Nawe mama usiyejua Kiingereza, usijitoe katika kazi hii, wala usikubali nduguze wamcheke anapojaribu. Kaa naye mkichambua mchele umwulize kwa Kiswahili: "Nani? Kafanya nini? Lini? Kwa nini?" Akikujibu vizuri, ana la kuandika. Akishindwa kukueleza wewe, basi shida yake bado haijafika kwenye Kiingereza, na hapo unaweza kumsaidia kuliko mwalimu yeyote.