Printa Yangu Imenitia Aibu

Jumapili usiku niliaibika. Mdogo wangu alikuwa na ripoti ya chuo, kurasa 40, ya kukabidhi asubuhi. Printa yangu ya wino ilikuwa imekaa miezi miwili bila kazi. Wino mweusi ulikuwepo, lakini wa manjano ulikuwa umekwisha, basi ikagoma kabisa. Nikatia katriji mpya; ikatoa mistari mitupu, kwa kuwa vitundu vya wino vilikuwa vimekauka. Nikavisafisha mara tatu, na kila usafishaji unakula wino uleule! Alfajiri tukakimbilia saiba.

Sasa natafuta nyingine. Nilichojifunza ni hiki:

Kwanza, printa ya tangi, inayojazwa wino kwa chupa, ni ghali dukani, lakini gawanya bei ya chupa kwa idadi ya kurasa inazochapa, kisha ulinganishe na katriji.

Pili, uliza: rangi ikiisha, itachapa nyeusi?

Tatu, iwe na AirPrint (ipo tangu 2010) au Mopria, simu ichape kwa Wi-Fi bila kutafuta draiva.

Nne, igeuze karatasi yenyewe na kuchapa pande zote mbili.

Lakini kwa mtu kama mimi, anayechapa mara moja moja, maandishi tu, jibu ni leza ya rangi nyeusi. Poda yake haikauki hata ikikaa miezi. Mdogo wangu ameshaniambia: fanya haraka, muhula ujao una ripoti mbili.